NAD 3020

NAD 3020 ni amplifaya ya stereo ya nyumbani iliyobuniwa na kampuni ya NAD Electronics na kuingia sokoni mwaka 1978. Ni amplifaya ndogo ya bei nafuu, yenye nguvu ya wati 20 kwa kila chaneli, iliyosanifiwa na mhandisi Bjørn Erik Edvardsen kutoka Norwei. Pamoja na matoleo yaliyoifuata, iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja, na hutajwa mara nyingi kati ya amplifaya zilizouzwa kwa wingi zaidi katika historia ya vyombo vya muziki wa nyumbani.

Umaarufu wa 3020 hautokani na wingi wa wati wala uzuri wa sura. Unatokana na jinsi fedha chache zilivyogawanywa wakati wa usanifu. Palipogusa sauti moja kwa moja fedha zilitumika. Palipohusu mapambo zilibanwa. Kwa sababu hiyo amplifaya hii ni mfano mzuri wa kueleza namna chombo cha bei ndogo kinavyoweza kufanya kazi kuliko namba zake zinavyoonyesha.

Kazi ya amplifaya

Umeme unaotoka kwenye gramafoni, redio au deki ya kaseti ni mdogo sana, hauwezi kuitikisa spika. Amplifaya huupokea umeme huo dhaifu na kutoa umeme wenye umbo lilelile lakini wenye nguvu nyingi zaidi. Amplifaya ya stereo hufanya kazi hiyo mara mbili kwa wakati mmoja: chaneli moja kwa spika ya kushoto, nyingine kwa spika ya kulia.

Ndani ya amplifaya kamili kama 3020 kuna sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni kikuza awali, ambacho huchagua chanzo cha sauti na kurekebisha ukubwa wa sauti, besi na trebo. Ya pili ni kikuza cha mwisho, ambacho husukuma spika. Ya tatu ni ugavi wa umeme, yaani transfoma, dayodi na kapasita zinazobadilisha umeme wa ukutani kuwa umeme wa mkondo mnyoofu unaotumiwa na sehemu nyingine. Ugavi wa umeme na transista za mwisho ndizo sehemu zinazogharimu zaidi, na hapo ndipo mbunifu wa chombo cha bei nafuu hupata mtihani wake mkubwa.

Historia

NAD ilianzishwa London, Uingereza, mwaka 1972. Herufi zake ni kifupi cha New Acoustic Dimension. Mwanzoni kampuni haikuwa na kiwanda chake: ilisanifu vifaa, kisha ikaagiza vitengenezwe na viwanda vya nje, na 3020 ilitengenezwa Taiwan. Utaratibu huo ulipunguza gharama, kwa kuwa kampuni haikulazimika kununua mitambo wala kuajiri wafanyakazi wengi wa kiwandani.

Katika miaka ya 1970 watengenezaji wengi walishindana kwa wingi wa wati. Nyuso za amplifaya zilijaa swichi, na matangazo yalitaja namba kubwa ambazo hazikupimwa kwa njia moja. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliweka kanuni ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani. Kwa kanuni hiyo wati zilipaswa kupimwa kwa mfululizo, chaneli zote mbili zikifanya kazi pamoja, baada ya amplifaya kupashwa moto kwa saa moja katika theluthi ya nguvu yake.

Kanuni hiyo iliwalinda wanunuzi dhidi ya namba za uongo, lakini ilikuwa na gharama yake. Kufanya kazi kwa theluthi ya nguvu kwa saa nzima huzalisha joto jingi kuliko muziki wa kawaida. Aliyetaka kuandika wati 40 kwenye kasha alilazimika kuweka transfoma kubwa na vipande vikubwa vya alumini vya kupoza joto, hata kama msikilizaji wa nyumbani asingetumia amplifaya yake hivyo kamwe. NAD ilichagua njia nyingine. Iliandika wati 20 tu, ambazo 3020 ilizitoa bila shida kwa mfululizo, kisha ikaisanifu iweze kutoa zaidi ya hapo kwa vipindi vifupi ambavyo muziki huvihitaji.

Nguvu za muziki

Muziki si sauti ya kiwango kimoja. Mwimbaji anapoimba polepole spika huenda ikahitaji chini ya wati moja. Ngoma inapopigwa, kwa sehemu ndogo ya sekunde, hitaji hilo linaweza kupanda mara kumi au hata mara mia, kisha likashuka tena. Amplifaya inayoshindwa katika vilele hivyo hutoa sauti yenye mikwaruzo, hata kama wastani wa nguvu zinazotumika ni mdogo.

Katika 3020, transfoma ilitosha kwa wati 20 za mfululizo. Hata hivyo volteji ya ugavi ilipangwa kuwa juu kuliko inavyohitajika kwa wati hizo. Kapasita kubwa za ugavi huhifadhi chaji, mithili ya pipa linalojazwa maji na bomba jembamba. Bomba haliwezi kutoa maji mengi kwa mara moja, lakini pipa lililojaa huweza kutoa ndoo kadhaa kwa haraka kabla halijapungua. Kilele cha muziki huchukua chaji iliyomo kwenye kapasita. Kikishapita, transfoma huijaza tena.

Kwa njia hiyo 3020 iliweza kutoa, kwa muda mfupi, takriban nguvu zifuatazo kwa kila chaneli:

- spika ya omu 8: wati 40
- spika ya omu 4: wati 58
- spika ya omu 2: wati 72

Jambo la kutazama hapo si wati peke yake, bali mkondo wa umeme. Nguvu ni sawa na mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, kisha kuzidishwa kwa ukinzani. Wati 20 kwenye omu 8 zinahitaji mkondo wa ampea 1.6 hivi. Wati 72 kwenye omu 2 zinahitaji ampea 6, yaani karibu mara nne, ingawa volteji katika hali zote mbili inakaribiana: takriban volti 12.6 kwa ya kwanza na volti 12 kwa ya pili.

Suala hili lina maana kubwa nyumbani. Spika iliyoandikwa omu 8 haina ukinzani wa omu 8 wakati wote. Ukinzani wake hubadilika kulingana na masafa ya sauti, na katika baadhi ya spika hushuka hadi omu 4 au chini zaidi. Amplifaya isiyo na mkondo wa kutosha hukwama hapo. Wamiliki wengi wa 3020 waliiunganisha na spika zilizo ghali kuliko amplifaya yenyewe, na ikazimudu.

Transista za mwisho

Katika hatua ya mwisho 3020 ilitumia transista za aina ya 2N3055 na mwenzake MJ2955. Hizi ni transista zenye kasha la chuma lenye umbo la yai bapa, zinazojulikana na mafundi wa redio duniani kote. 2N3055 inaweza kubeba mkondo wa hadi ampea 15 na volteji ya hadi volti 60. Haikuwa transista mpya wala ya kifahari wakati 3020 inatoka. Ilikuwa imetumika kwa miaka mingi katika vifaa vya kila aina.

Kuichagua kulikuwa na faida tatu. Bei yake ilikuwa ndogo kwa sababu ilitengenezwa kwa wingi. Uwezo wake wa mkondo ulizidi sana wati 20 zilizoandikwa, hivyo haikuungua kirahisi. Na ilipoharibika, fundi aliweza kupata nyingine bila kuagiza kutoka kwa mtengenezaji wa amplifaya.

Ukataji laini

Kila amplifaya ina mwisho wake. Wimbi la umeme linapotaka kupanda juu kuliko volteji ya ugavi, kilele chake hukatwa na kuwa bapa. Wimbi lililokatwa ghafla huwa na masafa mengi ya juu ambayo hayakuwemo kwenye muziki. Masafa hayo husikika kama mkwaruzo na huenda moja kwa moja kwenye spika ndogo ya trebo, ambayo waya wake ni mwembamba. Ndiyo sababu spika za trebo huungua mara nyingi kwa amplifaya ndogo iliyolazimishwa kupita uwezo wake.

Kwa tatizo hilo NAD iliweka saketi iliyoiita Soft Clipping, yenye swichi nyuma ya chombo. Saketi hiyo huutambua mkaribio wa mwisho na kuanza kuviviringisha vilele vya wimbi taratibu kabla havijagonga mpaka wa ugavi. Upotovu wa sauti haujaisha, lakini unakuwa laini zaidi sikioni na hatari kwa spika inapungua. Anayesikiliza kwa sauti ya chini anaweza kuizima bila hasara; kwa anayefungulia sauti kubwa kwenye sherehe ndogo, ni kinga ya maana. Saketi ya namna hiyo iliendelea kuwemo katika amplifaya nyingi za NAD zilizofuata.

Ingizo la gramafoni

Mwaka 1978 santuri zilikuwa bado chanzo kikuu cha muziki wa nyumbani, hivyo ingizo la gramafoni lilipewa uzito. Sindano ya gramafoni yenye sumaku inayosogea hutoa milivolti chache tu. Zaidi ya hayo, santuri hukatwa kwa mpangilio maalumu: besi hupunguzwa ili mifereji isiwe mipana mno, na trebo huongezwa ili izidi mchakacho wa plastiki. Amplifaya inapaswa kufanya kinyume chake, yaani kuirudisha besi na kuishusha trebo kwa kipimo kilekile. Kipimo hicho kinajulikana kwa jina la RIAA na kilikubaliwa na watengenezaji wa santuri katika miaka ya 1950.

Kosa dogo katika urekebishaji huu huharibu sauti nzima. Katika 3020 saketi ya gramafoni ilifanywa kwa uangalifu wa kiwango kilichozoeleka katika amplifaya za bei ya juu, na wasikilizaji wengi waliisifu kwa hilo. Kulikuwa pia na uchujaji wa masafa ya chini kabisa yasiyosikika. Santuri iliyojikunja huisukuma sindano juu na chini polepole, na bila kichujio amplifaya hupoteza nguvu zake kwa kuitikisa spika ya besi bure.

Viungo vya nyuma

Nyuma ya 3020 kuna vipande vidogo vya chuma vyenye umbo la herufi U vinavyounganisha kikuza awali na kikuza cha mwisho. Mtumiaji anaweza kuvichomoa na kuzitumia sehemu hizo mbili kila moja peke yake. Aliyepata fedha baadaye aliweza kununua kikuza cha mwisho chenye nguvu zaidi na kuendelea kutumia kikuza awali cha 3020, bila kutupa alichokuwa nacho.

Kikuza cha mwisho kina maingizo mawili. Lililoandikwa NORMAL hupitisha sauti kwenye vichujio vinavyoondoa masafa yaliyo nje ya usikivu wa binadamu. Lililoandikwa LAB huruka vichujio hivyo. Katika matumizi ya kawaida viungo vya chuma huingia kwenye NORMAL. Viungo vikipotea amplifaya huwaka lakini haitoi sauti, na mara nyingi watu hudhani imeharibika. Waya mfupi wa kuunganishia vyombo vya sauti unatosha kuviziba pengo.

Sura ya nje

Uso wa 3020 ni wa plastiki ya rangi ya kijivu kilichokolea. Kuna vitufe vya kuzungusha vya besi, trebo, uwiano wa kushoto na kulia, na ukubwa wa sauti. Vitufe vya kubonyeza vya kuchagua chanzo. Na tundu la hedifoni. Safu ya taa tano ndogo huonyesha kiasi cha nguvu kinachokwenda kwenye spika. Taa hizo si pambo tu, kwani humwonya mtumiaji kwamba amekaribia mwisho wa uwezo wa chombo.

Vitufe vya besi na trebo vinahitaji kutumiwa kwa kiasi. Kuongeza besi kwa desibeli 10 ni kuitaka amplifaya itoe nguvu mara kumi zaidi katika masafa hayo. Sauti iliyohitaji wati 2 sasa itahitaji wati 20.

Maana ya wati 20

Kupanda kutoka wati 20 hadi wati 40 huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kuiona kubwa. Kutoka wati 20 hadi wati 100 ni desibeli 7. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu, kwa kawaida huhitajika nguvu mara kumi.

Usikivu wa spika una uzito mkubwa vilevile. Spika inayotoa desibeli 88 kwa wati 1 katika umbali wa mita 1 itatoa takriban desibeli 101 kwa wati 20. Spika inayotoa desibeli 91 kwa wati 1 itafika kiwango hichohicho kwa wati 10. Mwenye fedha kidogo anaweza hivyo kupata sauti kubwa zaidi kwa kuchagua spika yenye usikivu mzuri kuliko kwa kununua amplifaya yenye wati maradufu.

Hesabu hii husaidia pia kuzisoma namba zinazoandikwa kwenye maboksi ya redio katika maduka ya Afrika Mashariki na kwingineko, hasa zile zenye herufi PMPO. Namba hizo, ambazo hufika hata maelfu ya wati, hazina kipimo kimoja kinachokubalika. Njia rahisi ya kuzipima ni kutazama kibati cha nyuma ya chombo: kama kimeandikwa kwamba kinatumia wati 60 za umeme wa ukutani, hakiwezi kutoa wati 3,000 za sauti kwa mfululizo.

Mapungufu

Unafuu wa bei ulionekana katika sehemu kadhaa. Vishikio vya waya za spika vilikuwa vidogo na havikupokea waya mnene. Uso wa plastiki ulichubuka kwa urahisi. Kwa ukumbi au chumba kikubwa chenye watu wengi nguvu zake hazikutosha.

Nakala zilizopo leo zina umri wa miongo kadhaa, na baadhi ya kasoro ni za kawaida kwa amplifaya za rika hilo. Kitufe cha sauti hukwaruza kwa sababu ya vumbi ndani yake. Kapasita za ugavi hukauka na mvumo wa umeme huanza kusikika. Sehemu zilizolehemiwa hupasuka, na chaneli moja hukatikakatika. Kasoro hizi hurekebishika, kwa kuwa vipuri vyake vingi ni vya kawaida na saketi yake si ngumu kwa fundi mwenye uzoefu. Kapasita hubaki na chaji hata baada ya waya wa umeme kuchomolewa, kwa hiyo kazi ya ndani haifai kufanywa na asiye fundi.

Anayenunua iliyotumika anapaswa kusoma volteji iliyoandikwa nyuma. Zilizouzwa Amerika ya Kaskazini ni za volti 120. Zikichomekwa kwenye umeme wa volti 230 wa Tanzania au volti 240 wa Kenya bila transfoma ya kushusha umeme, huharibika mara moja.

Matoleo

Baada ya toleo la kwanza yalifuata 3020A, 3020B, 3020e na 3020i, yenye mabadiliko madogo ya saketi, viungo na sura. Modeli 3120 ilikuwa ya jamii hiyohiyo lakini haikuwa na vitufe vya besi na trebo. Modeli 7020 iliunganisha amplifaya hii na redio katika kasha moja.

Mwaka 1999 NAD ilichukuliwa na kampuni ya Lenbrook ya Kanada. Mwaka 2013 ilitoa D 3020, iliyorithi namba ya zamani lakini si saketi yake. D 3020 ni amplifaya ya daraja D, ambayo transista zake huwaka na kuzima kwa kasi kubwa na hivyo kupoteza nguvu kidogo kwa joto. Ilitoa wati 30 kwa kila chaneli na kupokea sauti kwa bluetooth na kwa waya wa mwanga. Haikuwa na ingizo la gramafoni. Toleo la V2 lililofuata lilirudisha ingizo hilo, baada ya santuri kuanza kupendwa tena.

Urithi

Edvardsen aliendelea kusanifu vifaa vya NAD kwa miaka mingi, na herufi za mwanzo za majina yake, BEE, ziliwekwa kwenye majina ya amplifaya kadhaa za kampuni hiyo, kama vile C 316BEE.

3020 iliwaonyesha watengenezaji wengine kwamba mwanafunzi au mfanyakazi wa kipato cha kawaida ni mteja anayestahili sauti nzuri. Baada yake amplifaya ndogo zenye vitufe vichache na ugavi wa umeme ulio imara zikawa kundi la kudumu sokoni, hasa Uingereza. Nakala nyingi za 3020 bado zinafanya kazi, na huuzwa na kununuliwa zikiwa zimetumika.